Tatuu yangu ya kwanza: mstari mmoja kutoka usoni kwa bibi. Mnaotaka kuchora pitieni hapa kwanza

Mjukuu wa Mueda

Wakuu habari za muda huu.

Kila mara naona mtu anauliza humu, "Nataka kuchora tatuu yangu ya kwanza, nichore nini?" Watu wanajaa kumpa mawazo: simba, msalaba, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa kwa namba za Kirumi. Hakuna anayemuuliza ngozi yake ikoje, kazi yake ni ipi, wala sindano itakayomchoma imetoka wapi. Mtu anahangaika mwaka mzima kutafuta maana, halafu fundi anamwokota Jumamosi mchana kwa sababu yuko karibu na bei yake nafuu. Mimi naona tumelipindua jambo hili. Maana ukiwa nayo unayo tu, haiondoki. Fundi ndiye wa kutafutwa mwaka mzima.

Naeleza ya kwangu. Ni ndefu, wenye haraka rukeni.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Mueda huko Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza 1964 walivuka kuja upande wetu kama walivyovuka wengi, akaishia Mtwara na baadaye kwetu Dar. Usoni alikuwa na nembo, zile ambazo wenyewe wanaziita dinembo: pembe zilizopangwa mashavuni na mistari ya zigizaga kwenye paji la uso. Alichanjwa akiwa msichana. Fundi anakata ngozi kwa kichuma kidogo, anapaka unga mweusi wa mkaa wa mbarika, kidonda kikipona alama inabaki na rangi ya samawati iliyoiva. Kukata kwenyewe hakukuwa kwa mara moja, mtu alirudiwa ili rangi ikolee.

Mtaani kwetu watoto walikuwa wanamkimbia. Wakubwa ndio walikuwa wabaya zaidi, "Mmawia huyo," wanasema na yeye anasikia, ndilo jina la kejeli walilowaita Wamakonde wa Msumbiji. Akienda sokoni alijitanda kanga mpaka kwenye nyusi, hata jua likiwa la kuua. Mimi nilikua naona kanga ile ni mavazi tu ya bibi.

Alipofariki nilitaka kubaki na kitu chake. Picha aliyoacha ni ile ya kadi ya mpiga kura, ndogo na imefifia, nembo zinaonekana nusu. Nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikatafuta mzee anayejua. Wa kwanza alitaka kuniuzia kinyago. Wa pili alishika ile picha, akaisogeza juani, akaniuliza bibi ni wa ukoo gani. Nilipomjibu hakusema kitu, akaokota kipande cha mpingo kilichokatika, akachukua tindo nyembamba akaanza kukwangua. Alichora ule mstari wa paji la uso. Nikaona kitu ambacho kwenye picha sikukiona: haukuwa mstari mmoja wa kuvuta, ni mikato mifupi mifupi imekaa bega kwa bega, na kwenye kila kona kuna mkato mmoja mrefu kuliko wenzake. Akaniambia vinyago vya zamani vya mapiko, vile vya kuvaliwa ngomani, vilikuwa vinawekewa nembo hizo kwa nta ya nyuki, ukipapasa unazisikia kwa kidole.

Kile kipande cha mpingo ndicho nilichompelekea fundi wa tatuu. Fundi wa kwanza alikiangalia akasema atakinyoosha kwenye kompyuta kipendeze. Nikamuaga. Wa pili alikipiga picha, akahesabu mikato, akaniuliza ninataka ikae kwa ukubwa gani maana mikato ikibanana sana baada ya miaka itaungana iwe bomba moja jeusi. Huyo ndiye aliyenichora.

Imekaa juu ya kiwiko kwa ndani. Nyeusi tupu, hakuna rangi nyingine. Blauzi ya mikono mifupi inaifunika nikitaka.

Picha siweki, msiombe. Maswali karibuni.

Kifimbo cha Mgambo

Uzi bila picha ni taarifa ya habari ya redio. Ila umeandika vizuri, naweka kambi hapa.

Mama Pacha

Dada hongera. Nauliza la muhimu: mama yako alisemaje? Maana mimi wa kwangu akiona hata hereni ya pili ni kikao cha ukoo.

Mjukuu wa Mueda

Mama Pacha, mimi nilianzia kwa mjomba. Sisi ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo kwenye mambo ya bibi mwenye neno ni kaka yake mama. Nilimpigia nikiwa na hotuba nzima kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wenzako walikamatwa mikono na miguu wakilia, wewe unakwenda kulipa hela." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia nisichukue za mashavuni, nichukue ya paji la uso, na nisiweke usoni. Sikuuliza kwa nini.

Mama alipoiona aliishika kwa kidole gumba akaifuata mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kazini hawatanifukuza. Ndiyo kikao chote.

Mpingo Mkavu

Samahani nitaharibu sherehe. Bibi yako hakuchagua. Kwa maelezo yako mwenyewe alishikwa akachanjwa, akaja mjini akaishi anajificha kwenye kanga. Kile kilichomtesa wewe umekigeuza urembo wa mkononi, unakifunika ukitaka na kukionyesha ukitaka. Yeye hakuwa na blauzi ya kufunika uso. Naona kama kuna kitu hakijakaa sawa hapo.

Mjukuu wa Mueda

Mpingo, hilo swali nimekaa nalo kabla ya kuchora, na sina jibu la kulimaliza.

Ninachojua ni hiki. Alipokuwa kwao Mueda hakujificha. Msichana asiye na nembo ndiye aliyekuwa akichekwa, na mwenye nembo nzuri alisifiwa pamoja na fundi wake. Aibu ilimkuta huku kwetu, tukampa sisi. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, nao walipiga vita desturi hizi, walitaka watu wajione ni taifa moja badala ya makabila, ndiyo maana wanawe na wadogo zake waliozaliwa baadaye hawana alama. Kwa hiyo bibi alishikwa pande zote mbili, kijijini kwa kichuma na mjini kwa macho ya watu.

Kuhusu kufunika na kufunua, kweli mimi nina nafasi ambayo yeye hakuwa nayo. Sijifanyi nimechanjwa. Hii ni tatuu ya mashine, imechukua muda wa filamu moja, na nilikuwa na soda mkononi. Nembo ni za kwake. Nilichobeba ni mstari mmoja ili mtu akiniuliza nimtaje. Ukiona haijakaa sawa nakuelewa.

Kwale Kwetu

Hamjambo nyote. Dada umenitoa machozi mimi. Sisi ni Wamakonde wa Kwale huku Kenya, wazee wetu waliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Miaka na miaka tuliishi bila vitambulisho, huwezi kufungua akaunti, huwezi kusajili laini ya simu, mtoto akimaliza shule hana pa kwenda. Mpaka 2016 watu walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais, ndipo tukatambuliwa, tukaitwa kabila la 43.

Nyanya yangu alikuwa na nembo uso mzima. Kwake hilo halikuwa jambo la urembo wala la aibu, lilikuwa ushahidi. Popote aliposimamishwa njiani, wakimwangalia usoni tu washajua si wa hapa. Sisi wajukuu tusio na alama tulipita. Sasa tunavyo vitambulisho na nyanya hayuko. Nikisoma habari ya huo mstari wako naona hata mimi ningependa, ila mke wangu hataki kusikia.

Ustadh Kijana

Assalaam alaykum. Nitasema bila kumshambulia mtu. Kwetu Waislamu jambo hili liko wazi, katika hadithi za Bukhari na Muslim Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kuomba achanjwe. Wengi wanadhani tatizo ni udhu tu. Hapana, tatizo ni kitendo chenyewe. Na huko pwani ambako wengi wetu ni Mashafi'i, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, wanazuoni wana maneno mazito zaidi kuhusu damu iliyochanganyika na wino chini ya ngozi. Kijana wa Kiislamu unayesoma hapa, muulize shekhe wako kabla. Ukishachora umekwishabadilisha swali. Hina ipo, ni halali kwa wanawake na ni nzuri.

Mjukuu wa Mueda

Wa alaykum salaam Ustadh, ahsante kwa lugha yako ya upole. Mimi ni Mkatoliki, na hata kwetu ipo Mambo ya Walawi 19:28, inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu. Kwa ajili ya wafu, na mimi nimechora kwa ajili ya marehemu. Nililifikisha kwa padri, tuliyozungumza yanabaki huko.

Hina umenikumbusha. Hata kama unataka tatuu ya kudumu, anza na hina. Nenda kwa mchoraji hina akuwekee mchoro uleule, pahali palepale, ukae nao mpaka ufutike. Utajua kama unaupenda ukiwa umevaa sare ya kazi, ukiwa kanisani, ukiwa unaoga. Mimi mwanzoni nilitaka kifundo cha mkono, nilipojaribu kwa hina nikaona kila mteja anaangalia mkono badala ya fomu. Ndipo nikapanda juu ya kiwiko.

Nesi wa Zamu

Jamani kwenye hina ongezeni neno moja: hina ya kawaida, si piko. Ile piko nyeusi inayokolea kwa dakika chache ina dawa ya kupaka nywele, na kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na kovu. Nimewaona maharusi wameingia wodini mikono imevimba na sherehe haijaanza. Na ukishapata mzio wa ile kemikali unakuwa nao maisha.

Sasa kwa wanaotaka tatuu yenyewe, nisikilizeni mimi muuguzi.

Kwanza kovu. Sisi weusi ndio tunaopata makovu ya kuvimba zaidi. Jiangalie kovu la chanjo ya kifua kikuu (BCG), angalia ulipotobolewa sikio, angalia ulipowahi kujikata. Kama kovu limeinuka, linawasha na limetambaa nje ya kidonda cha awali, achana na tatuu. Si "muone fundi mzuri", achana nayo. Fundi mzuri hawezi kuiambia ngozi yako iache. Na kwa wasio na historia hiyo, kifua, mabega na mgongo wa juu ndipo kunakopenda kuvimba, kwa hiyo tatuu ya kwanza isianzie huko.

Pili homa ya ini. Watu wanaogopa UKIMWI peke yake. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza, na damu yake huhitaji hata kuiona. Chanjo kwa watoto wa Tanzania ilianza miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo wengi wenu mliozaliwa kabla ya hapo hamkuipata utotoni. Pima, kama huna chanja dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukisema huwezi kusubiri muda wote huo, ndiyo yaleyale aliyosema mleta uzi kuhusu haraka.

Tatu, uchangiaji damu. Ukichora, benki ya damu itakutaka usubiri kipindi fulani kabla ya kutoa. Kama una mgonjwa nyumbani anayekutegemea, fikiria hilo.

Dogo wa Sinza

Nesi, kwa fundi tuangalie nini? Maana kila mmoja anasema sindano mpya.

Nesi wa Zamu

Usikubali kusema, kubali kuona. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, na pakiti iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, usichovywe kwenye chupa ambayo wengine wote wamechovyewa. Hapo ndipo wengi wanakamatwa, sindano mpya wino wa jana. Mashine na waya wake uwe umefunikwa nailoni. Glavu, na akishika simu abadilishe glavu. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, simu inaita anapokea na kurudi mkononi kwako.

Mjukuu wa Mueda

Nakazia hilo la simu. Niliyemchagua niliwahi kwenda kukaa tu kama mteja anayesubiri, nikamwangalia akimchora mwingine. Simu yake ilikuwa imefungwa kwenye droo. Pia nilimuomba anionyeshe kazi zake za zamani, zilizopona, kwenye ngozi kama yangu. Picha ya tatuu iliyochorwa leo kila moja inang'aa. Muulize iliyofikisha mwaka.

Na ngozi yetu ina mambo yake. Wino unakaa chini, kwenye tabaka la pili la ngozi, milimita moja au mbili ndani, na rangi yako inakaa juu yake. Kwa hiyo unauona wino kupitia ngozi yako. Nyeusi inasimama. Njano na nyeupe kwa mtu mweusi kama mimi ni kutupa hela. Atakayekuambia lazima achimbe zaidi ili ionekane, ondoka. Wino ukichimbwa sana unasambaa pembeni, na kovu unalipata bure.

Dogo wa Sinza

Maumivu je? Sema kweli.

Mjukuu wa Mueda

Kwa ndani ya mkono yanauma. Mwanzo unavumilia, katikati unazoea, mwisho ngozi imechoka na kila mkato unausikia. Kula kwanza, usiende na njaa, na usinywe pombe ukidhani itasaidia.

Ila kuchorwa si kazi. Kazi ni joto la Dar baada ya hapo. Siku za kwanza inatoa majimaji yenye wino, yanagandia kwenye nguo. Nilikuwa naosha kwa sabuni ya mtoto isiyo na manukato, naikausha kwa kuigusagusa na tishu safi, napaka mafuta kidogo sana. Vaselini ya kulowesha inaziba, ngozi inatota. Halafu inaanza kubanduka magamba na kuwasha, na hapo ndipo utajijua una tabia gani. Usikune. Kila mtu alikuwa na dawa yake: shangazi asali, jirani dawa ya meno, bodaboda mmoja akaniambia spiriti. Sikupaka hata moja. Bahari hapana, bwawa hapana, mpaka ngozi ifunge kabisa, na hesabu wiki kadhaa. Kwenye daladala kaa upande ambao mkono haugusani na mtu, ikiwezekana, ingawa wote tunalijua gari la saa kumi na mbili.

Afande Mtarajiwa

Mimi nina moja tu. Vijana mnaotaka ajira za polisi au uhamiaji, someni matangazo yao. Yamekuwa yakiandika mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini, tatuu. Hawajaandika "inayoonekana". Kwenye usaili mnavua. Nina rafiki yangu alikuwa na herufi mbili za jina la mama yake mgongoni, alikimbia mbio zote akawa wa mbele, akarudi nyumbani. Mwenye nia ya huko asubiri, au asichore kabisa.

Kifimbo cha Mgambo

Sasa Afande, mtu mwenye chale za kabila? Kuna Wamang'ati huku Manyara wanawake wana mizunguko kuzunguka macho, wanapendeza ajabu. Huyo akienda kuomba atahesabiwa amechorwa?

Afande Mtarajiwa

Mimi mwenyewe mwombaji, usiniulize kama kamishna.

Mama Pacha

Bei gani lakini? Wote mnazunguka.

Mjukuu wa Mueda

Laki na nusu, na kimchoro chenyewe ni kifupi kuliko kidole cha shahada. Kuna wa elfu thelathini mtaani kwangu. Sikujaribu kupunguziwa. Kwenye sindano sipendi fundi aliyekubali nusu bei, lazima kuna kitu amekipunguza na yeye.

Mzee wa Fitina

Na mwenye kutaka kufuta je? Naulizia rafiki.

Nesi wa Zamu

Mwambie rafiki leza ndiyo njia yenyewe, vikao vingi, kila kimoja kinatenganishwa na cha mwenzake kwa wiki kadhaa, na gharama inazidi ya kuchora mbali sana. Nyeusi inatoka kirahisi kuliko kijani. Kwa ngozi nyeusi aulize kama mashine ni ile ya mawimbi ya nanomita 1064, maana leza isiyofaa inaunguza rangi ya ngozi yenyewe, anabaki na doa jeupe lenye umbo lilelile la tatuu. Krimu za mtandaoni na tindikali akae mbali nazo. Rafiki amechora nini?

Mzee wa Fitina

Jina. Rehema. Anaoa Desemba na bibi harusi si Rehema.

Kifimbo cha Mgambo

Aseme ni la mama yake. Tatuu yenye maana.

Mzee wa Fitina

Mama anaitwa Hadija na mchumba anamjua. Tumepekua ukoo mzima, tumepata Rehema mmoja tu, shangazi wa Tabora ambaye hajawahi kuonana naye.

Mama Pacha

Basi mwambie aanze kumpigia shangazi simu leo. Desemba si mbali.